Ufuta Lamu na Malindi: mbegu ipi na palizi ipi

Msimu ukikaribia, swali linalozunguka kutoka Witu hadi Hindi, na kutoka Marafa hadi Langobaya, ni moja: simsim, yaani ufuta, ipi inazaa zaidi? Mkulima akimwona mwenzake amevuna magunia ya kutosha, humwomba vibaba viwili vya mbegu, akaipanda kwake, kisha akabaki anashangaa mbona haikumpa kile ilichompa yule. Mbegu ni ileile na mvua ni ileile. Mara nyingi kilichotofautiana ni jembe, yaani nani aliingia kondeni mapema na nani alichelewa.

Kwa sababu hiyo silinganishi mbegu peke yake, wala palizi peke yake. Ukishachagua mbegu umeshajipangia palizi ya namna fulani, upende usipende. Na ukijua palizi unayoimudu kwa mikono na mfuko wako, mbegu za kufikiria hubaki mbili tatu tu. Nitaziweka njia hizi ubavu kwa ubavu kwa mtu mwenye robo eka hadi eka kumi hivi, anayetegemea familia, vibarua, au bomba la kupulizia.

Wiki sita zinazoamua

Chembe elfu moja za ufuta zina uzito wa gramu tatu hivi. Chembe ndogo kiasi hicho haina akiba ya kumlisha mche, kwa hiyo ufuta ukishaota hukaa chini kama mwezi mzima, ukijenga mzizi huku juu hauendi popote. Chuchumaa kondeni siku ya kumi na mbili au kumi na nne baada ya kupanda uutazame. Mche una majani manne hivi, mapana kama ukucha wa kidole gumba, shina lake laini linalokatika ukiligusa vibaya. Kando yake ndago imeshafika shibiri, na kishonanguo kimeshatanua majani juu yake. Hapo hakuna mashindano. Mche usiposaidiwa utarefuka mwembamba ukitafuta jua, na hata magugu yakija kuondolewa baadaye shina lile halitabeba matunda ya maana.

Kipindi cha hatari ni tangu wiki ya pili hadi ya sita. Magugu yakiachwa humo yanaweza kuondoka na zaidi ya nusu ya mavuno, na shamba lililotelekezwa kabisa mara nyingi halilipi hata gharama ya kuvuna. Baada ya wiki ya sita mambo hubadilika. Ufuta huchomoka, hutoa maua, majani ya mstari huu hugusana na ya mstari ule, na kivuli chake hufanya kazi ya jembe. Magugu yatakayoota wiki ya nane hayapunguzi sana uzito wa mavuno, ila yana kero nyingine: mbegu zake huvunwa pamoja na ufuta. Mbegu za mchicha pori ni ndogo, nyeusi, zinang'aa, na zikiingia kwenye ufuta mweupe mnunuzi huziona kabla hujamaliza kufungua gunia.

Kumwaga au kupanda kwa mstari

Kumwaga ni kwepesi. Mtu mmoja akichanganya mbegu na mchanga mkavu anamaliza eka asubuhi moja, na mvua ikiwa imeshaonyesha dalili ya kukatika, wepesi huo una thamani. Mbegu hutumika kilo tatu hadi nne kwa eka, wakati mstari hutosheka na kilo mbili au pungufu.

Gharama ya kumwaga huja wiki tatu baadaye. Miche imezagaa, jembe halina pa kupita, na kibarua aliyepewa ngwe yake analazimika kuinama na kung'oa kwa mkono au kwa kijembe. Ngwe ambayo kwenye mstari ingemalizika kabla jua halijawa kali humchukua hadi adhuhuri, naye atadai alipwe kwa kadiri hiyo. Halafu miche mingi huondoka na magugu, kwa sababu ufuta mchanga na baadhi ya magugu mapana hufanana kwa mtu mwenye haraka.

Mstari unahitaji kamba, watu wawili watatu, na subira ya siku nzima au zaidi. Nafasi ya sentimita hamsini kati ya mistari inapitisha jembe vizuri. Mbegu isifukiwe kwa kina kinachozidi sentimita mbili au tatu, kwa kuwa ikizikwa zaidi haitoki. Miche ikifika kimo cha kiganja, ipunguze ibaki mmoja kila sentimita kumi. Kupunguza miche ndiyo kazi inayorukwa na wengi. Mtu anaona huruma kung'oa kitu kilichoota, akaacha miche mitano shimoni ikinyang'anyana, na yote mitano ikamzalia kidogo kuliko ambavyo mmoja ungezaa. Fanya kazi hii pamoja na palizi ya kwanza, mkono mmoja jembe na mwingine miche.

Kwangu mimi mstari ndio chaguo, isipokuwa katika hali moja: konde ambalo msimu uliopita lilipaliliwa hadi mwisho na magugu yake hayakuachwa yapukutishe mbegu. Huko kumwaga hakukuadhibu sana. Konde lenye historia ya ndago usilimwagie.

Jembe, dawa, au kulima mara mbili

Jembe bado ndilo mfalme wa ufuta huku pwani, na si kwa ushamba. Ufuta ni mche mpana, mlaini, unaoudhika upesi na dawa nyingi za magugu, kwa hiyo jembe lenye makali katika mkono unaojua ni salama kuliko chupa yoyote. Palizi ya kwanza iwe kati ya siku ya kumi na tano na ya ishirini na moja, ya pili wiki mbili hadi tatu baadaye. Kwangu mbili zinatosha kama ya kwanza haikuchelewa, lakini ya kwanza ikichelewa hata nne hazitoshi. Palilia juujuu, kina cha vidole viwili, maana mizizi ya pembeni ya ufuta iko karibu na uso wa udongo na jembe likizama huikata.

Udhaifu wa jembe ni mbili. Kwanza ni watu. Wiki ambayo ufuta unataka palizi ndiyo hiyo hiyo mahindi yanataka palizi na pamba inataka palizi, na vibarua wa Mpeketoni hawawezi kuwa kwenye makonde matatu siku moja. Pili ni ndago. Chini ya ardhi ndago ina viazi vidogo vilivyoungana mnyororo. Jembe likikata mnyororo ule, kila kiazi kilichotenganishwa huamka na kuchipua chake. Unaweza kupalilia ndago Jumatatu na Ijumaa ukakuta imerudi ikiwa nyingi zaidi.

Dawa zimegawanyika makundi matatu ambayo lazima yatenganishwe kichwani kabla ya kwenda agroveti.

Kundi la kwanza ni la kupuliza kabla ya kupanda, na hapa wengi hutumia glaifoseti. Huua kila kijani inachokigusa, lakini ikifika kwenye udongo haiendelei kuua mbegu zinazoota. Kwa ndago ndiyo msaada mkubwa tulio nao, kwa sharti kwamba ndago iwe na majani mabichi ya kutosha kuinywa na kuishusha hadi kwenye viazi. Ukilima leo ukapuliza kesho umetupa pesa, maana hakuna jani la kupokea. Iache ichipue, ipulize, isubiri wiki moja au zaidi hadi ianze kuwa ya manjano, ndipo ulime.

Kundi la pili ni la kupuliza juu ya udongo baada ya kupanda na kabla ufuta haujaota. Iliyozoeleka kwa ufuta katika nchi zinazoulima kwa mashine, kama Marekani, ni S-metolaklo. Huzuia nyasi ndogondogo na baadhi ya magugu mapana yasichomoze, lakini ndago yetu haimaliziki kwa dawa hii. Hapa aina ya udongo ndiyo hakimu. Kwenye mchanga mwepesi, kama ule wa makonde yaliyo karibu na bahari, mvua kubwa ikinyesha baada ya kupuliza dawa hushuka hadi kwenye mbegu, na ufuta huota kwa mabaka au usiote kabisa. Kwenye udongo mzito mweusi dawa hukaa juu inapotakiwa. Na udongo huo mweusi ndio ambao wakati wa mvua huwezi kuuingia na jembe, unazama hadi kifundo cha mguu. Kwa hiyo mahali dawa hii inapohitajika zaidi ndipo pia inapofanya kazi vizuri zaidi, na mwenye mchanga, ambaye jembe lake linapita kama kwenye unga, hana haja ya kubahatisha.

Kundi la tatu hupulizwa ufuta ukiwa umeshaota. Ufuta si nyasi, kwa hiyo dawa zinazoua nyasi peke yake huupita bila kuugusa. Njia rahisi ya kuzitambua ni kutazama jina la kiambato kwenye lebo, kwani mengi huishia na "fop" au "dim". Zinafanya kazi kwa sangari na nyasi nyingine changa zenye majani matatu hadi matano. Hazitagusa kishonanguo, hazitagusa gugu liitwalo kongwe, wala ndago, ambayo ina sura ya nyasi lakini si nyasi. Mtu anayepuliza dawa ya nyasi akitarajia ndago ife atasubiri sana.

Dawa ya kuua magugu mapana ndani ya ufuta ulioota usiitafute. 2,4-D, ambayo wenye mahindi wanaijua, huupinda na kuuua ufuta, na si lazima upuliziwe wenyewe. Wakati wa upepo wa kusi mvuke wake unaweza kutoka konde la jirani hadi lako. Ongea na jirani yako mapema, mwombe apulize alfajiri upepo ukiwa umelala. Na bomba lililobeba 2,4-D lisije kutumika kwenye ufuta hata likioshwa mara tatu. Kama unaweza, tenga bomba la ufuta peke yake.

Kabla ya kununua yoyote kati ya hizi, soma kwenye lebo kama ina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za mimea, na kama imetajwa kwa zao lako, na umuulize afisa kilimo wa wadi au kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa. Ufuta unaouzwa nje hupimwa mabaki ya dawa, na mzigo ukikataliwa bandarini bei ya msimu unaofuata huporomoka kwa kila mtu, hata kwa yule ambaye hajawahi kushika bomba.

Njia ya tatu hutajwa kidogo, nami ndiyo ninayoipenda kuliko zote: kulima mara mbili. Mvua za kwanza zikianguka, lima na ulainishe konde kama unayetaka kupanda kesho, kisha usipande. Ngoja siku kumi hadi kumi na nne. Mbegu za magugu zilizo karibu na juu zitaota zote kwa furaha. Ziue kwa jembe la juujuu au kwa glaifoseti, kisha panda bila kugeuza udongo tena, ili usiziamshe zilizolala chini. Ufuta utaota kwenye udongo ambao magugu yake ya kwanza yameshakufa, na ile palizi ya kwanza, ambayo ndiyo ghali, inapungua sana.

Bei yake ni wiki mbili za unyevu. Na hapo ndipo mbegu inapoingia kwenye hesabu.

Mbegu: mambo manne ya kutazama, na lipi lina uzito

Jambo la kwanza ni muda. Zipo mbegu zinazokomaa kwa siku tisini hivi, na zipo zinazofika siku mia moja na ishirini au zaidi. Mvua za mwaka, yaani masika, zikichelewa kuanza, au ukipanda mwishoni mwake ili kumalizia na mchoo, zile mvua ndogo za baada ya masika, mbegu ndefu itakosa maji ikiwa inajaza matunda ya juu. Vuli ya huku Lamu nayo ni ya kubahatisha. Mbegu fupi inakupa nafasi ya kulima mara mbili na bado ikomae unyevu ukiwapo, lakini mbegu ndefu inakulazimisha upande mvua ya kwanza, pamoja na magugu yote ya mvua ya kwanza. Ukiona mtu anasifu mbegu ndefu kwa mazao makubwa, muulize alipalilia mara ngapi.

La pili ni matawi, na hili ndilo ningependa lizungumzwe zaidi. Ufuta wenye matawi hufunika ardhi. Ukipanda kwa nafasi kubwa, au miche ikipotea kwa mvua au kwa mikono ya kibarua, iliyobaki hutanuka ikaziba pengo. Ni mbegu inayosamehe. Aina nyingi za kienyeji ambazo wakulima wa pwani wamehifadhi wenyewe ni za namna hii, na si ajabu, kwa kuwa zilichaguliwa kwenye makonde ya kumwaga na ya kuchanganya na mahindi. Adhabu yake huja wakati wa kuvuna. Matunda ya chini yanaanza kufunguka na kumwaga chembe wakati matawi ya juu bado yana maua, na kila siku unayosubiri ya juu yakomae unapoteza ya chini.

Ufuta wa shina moja husimama wima na kubeba matunda kuanzia chini hadi kileleni, ukikomaa karibu kwa pamoja. Kuvuna, kufunga matita na kukausha ni raha. Lakini haufuniki. Unahitaji mistari ya karibu, sentimita thelathini hadi arobaini, na miche isiyo na mapengo, kwa kuwa pengo halitazibwa na mtu. Kila pengo ni kitalu cha magugu. Mistari ya karibu nayo inabana jembe, hivyo utahitaji kijembe kidogo na kibarua mwangalifu. Kwa ufupi, shina moja linakudai kazi mwanzoni na kukupumzisha mwishoni, matawi yanakupumzisha mwanzoni na kukudai mwishoni. Pima wapi mikono ya nyumbani kwako ipo: je, watoto wako shuleni wiki ya palizi na nyumbani wiki ya kuvuna, au kinyume chake?

La tatu ni rangi, na hapa soko linasema kwa sauti. Ufuta mweupe hutafutwa kwa kupaka juu ya mikate, kwa halua na kwa kusaga rojo la mezani la Waarabu. Ufuta wa kahawia na mweusi hukamuliwa mafuta, ule uto wa simsim ambao Lamu imeutumia vizazi na vizazi kwa kupikia na kujipaka. Kiasi cha mafuta ni karibu nusu ya uzito wa chembe, na rangi peke yake haikuambii ipi ina mafuta mengi. Kinachoua bei ni mchanganyiko. Gunia jeupe lenye chembe nyeusi zilizonyunyizwa ndani yake halinunuliwi kama jeupe wala kama jeusi, dalali hutaja bei ya chini ya zote mbili na hana mtu wa kumpinga.

Na mchanganyiko huo huanzia kondeni, kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Ufuta uliomwagika msimu uliopita huota wenyewe msimu huu. Ukibadilisha kutoka kahawia kwenda mweupe kwenye konde lilelile, maotea ya kahawia yatasimama katikati ya mistari yako, yatachanua pamoja na weupe, na kwa kuwa ni ufuta hakuna jembe wala dawa itakayoyatenga. Kwa mwenye kubadilisha mbegu, maotea ya jana ndiyo magugu mabaya kuliko yote. Hamisha mbegu mpya kwenye konde ambalo halikubeba ufuta, panda mahindi, kunde au pamba kwenye la zamani kwa msimu mmoja au miwili, na kwenye mstari ng'oa kila mche ulioota nje ya kamba bila kuuliza ni wa aina gani. Huu ni ushindi mwingine wa mstari dhidi ya kumwaga. Kwenye konde la kumwaga huwezi kujua mche upi ni wako.

La nne ni kupasuka kwa matunda. Mwaka 1943, huko Venezuela, mtaalamu wa mbegu aitwaye Derald Langham aligundua mche wa ufuta ambao matunda yake hayafunguki yakikauka, na kutokana na kazi ya aina hiyo Marekani leo ina mbegu zinazovunwa kwa mashine. Mtu akikusifia mbegu "isiyopasuka", muulize utaipuraje. Tunda lililofungwa kabisa halitoi chembe kwa kugeuzwa na kutikiswa juu ya turubai, lazima lipondwe, na kuponda huvunja chembe na kuchanganya vumbi. Kwa anayevuna kwa mundu na turubai, mbegu inayofunguka kidogo kileleni huku ikishikilia chembe zake ikiwa imesimama wima inafaa kuliko isiyofunguka kabisa.

Kuhusu majina, mbegu zilizofanyiwa kazi nyingi karibu nasi ni za kituo cha Naliendele, Mtwara, Tanzania: Naliendele 92, Ziada 94, Lindi 2002 na nyingine zilizofuata. Ni nzuri, na ukanda wao wa pwani una mengi yanayofanana na wetu. Lakini mbegu iliyopita mikono mitano kabla ya kufika sokoni kwetu huenda ina jina tu. Mwulize muuzaji imetoka wapi, uitazame kwenye kiganja: chembe za rangi moja na saizi moja, bila mchanga, bila mbegu za magugu. Kisha hesabu chembe mia, ziweke kwenye kitambaa chenye unyevu siku nne tano. Zikiota themanini au zaidi, nunua. Kwa kuwa ufuta hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, ukipata mbegu safi unaweza kujiwekea ya misimu kadhaa, mradi uchague miche ya mbegu ikiwa bado imesimama na kuacha iliyoguswa na ule ugonjwa wa maua kugeuka vishada vya majani mabichi. Huenezwa na wadudu wadogo wafyonza utomvu wanaorukaruka, na mche ulioupata hauzai. Ung'oe ukauchome.

Kuoanisha

Mwenye nusu eka, familia ya watu wanne na mahindi kondeni. Mama mmoja wa upande wa Hongwe aliniuliza: "Mwanangu, simsim yangu naitia ndani ya mahindi, kila mwaka. Nibadilishe?" Nikamwambia, "La, mama, ila chagua wakati na mbegu." Kupenyeza ufuta kwenye mahindi wakati wa palizi yake ya mwisho ni akili nzuri: palizi ya mahindi ndiyo matayarisho ya ufuta, na unalima mara moja kwa mazao mawili. Mbegu ya matawi ndiyo yake, kwa sababu miche haitasimama kwa mpangilio. Ila ufuta hautaki kivuli, kwa hiyo ufuta ukifika kuchomoka mahindi yawe yameanza kukauka, na majani ya chini yakatwe apewe ng'ombe. Na dawa ziwekwe kando kabisa: zile za nyasi zitaua mahindi, za mahindi zitaua ufuta. Ikiwa mahindi yalipuliziwa atrazini, ufuta usipandwe humo msimu huo, kwa kuwa dawa hiyo hukaa ardhini na ufuta huihisi haraka. Aliniambia yeye hajawahi kutia kitu. Basi hana cha kubadilisha isipokuwa kupunguza miche.

Mwenye eka mbili tatu na vibarua wa kutegemewa, udongo wa kichanga, nje kidogo ya Malindi au Magarini. Shina moja, nyeupe, ya siku tisini hadi mia, kwa mstari. Kulima mara mbili, palizi mbili za jembe, bila dawa yoyote ya udongoni. Huyu ndiye mwenye nafasi ya kupata bei nzuri, na asiiharibu kwa kupuria chini. Matita yasimamishwe juu ya turubai siku kumi hadi kumi na nne, yageuzwe na kutikiswa, kisha yarudishwe yasimame tena kwa awamu ya pili.

Mwenye eka moja ya udongo mweusi unaotuama maji. Ufuta husinyaa na kufa ukisimama majini hata siku mbili tatu, kwa hiyo panda juu ya matuta, na usipande mwezi wa Aprili mvua ikiwa kali, subiri ipungue. Tuta lenyewe husaidia palizi, maana ukilipandisha udongo wiki ya nne unafukia magugu madogo ya mfereji. Hapa S-metolaklo ina sababu, kwa kipimo cha lebo. Mbegu iwe fupi, kwa kuwa umeshachelewa kwa makusudi. Matawi au shina moja, chagua kulingana na wavunaji wako.

Mwenye eka sita na zaidi, anayeishi mjini na kuja kondeni mwisho wa wiki. Huyu namshauri apunguze eka kabla ya kuchagua mbegu. Ufuta hausubiri mwisho wa wiki. Akishikilia eka zake, basi glaifoseti kabla ya kulima, mstari wa sentimita hamsini, mbegu ya matawi ya muda wa kati, dawa ya nyasi wiki ya tatu kama magugu mengi ni nyasi, na kikosi cha vibarua kilichokubaliana bei kabla mbegu haijaingia ardhini. Agawe konde vipande vitatu apande kwa kupishana siku nane hadi kumi, ili palizi ya kwanza isidai watu wote siku moja, na kuvuna vilevile. Mbegu ya kipande cha mwisho iwe ile fupi zaidi.

Na mwenye konde lililojaa ndago, awe na eka moja au kumi, asipande ufuta msimu huu. Apulizie ndago ikiwa na majani, apande mahindi au kunde zinazofunika, aipulizie tena baada ya kuvuna, ndipo alete ufuta msimu wa tatu.